Wilhelm Röntgen: Mgunduzi wa eksirei aliyekingwa na sanduku la zinki

Hebu fikiria hili. Umeteguka kifundo cha mguu ukicheza mpira Jumamosi jioni, na daktari anakwambia ukapigwe eksirei. Unaingia kwenye kile chumba chenye mlango mzito, unalala juu ya meza baridi, unangojea uletewe ile aproni nzito ya kufunika tumbo kama uliyovalishwa ulipokuwa mtoto. Aproni haiji. Mhudumu anaupanga mguu wako vizuri, anakuambia usitikisike, kisha anatoka na kusimama nyuma ya ukuta wenye kidirisha cha kioo. Unasikia mlio mfupi. Anarudi na kukuambia mambo yamekwisha.

Unatoka hapo ukiwa na swali moja: mbona yeye amejificha na mimi ameniacha wazi?

Swali lako ni halali kabisa. Si wewe peke yako unayeuliza. Ili ulijibu vizuri, itabidi umjue mtu mmoja aliyezaliwa zaidi ya miaka 170 iliyopita. Ndiye aliyeigundua miale hiyo, na bila kukusudia, ndiye pia mmoja wa watu wa kwanza kujikinga nayo.

Asiyetaka kumchongea mwenzake

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845, katika mji mdogo wa Lennep, ambao leo uko Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Mama yake alitoka katika familia ya Uholanzi. Hakuwa na ndugu wala dada. Alipofika umri wa miaka mitatu, wazazi wake walihamia Apeldoorn, Uholanzi, na huko ndiko alikokulia.

Usidhani alikuwa yule mwanafunzi anayeongoza darasa kila muhula. La hasha. Alichopenda ni kuzurura mashambani na misituni, na kutengeneza vitu kwa mikono yake. Kipaji hicho cha mikono kitamfaa sana baadaye, kwa hivyo kiweke akilini.

Akiwa katika shule ya ufundi mjini Utrecht, msala ukamwangukia. Mwanafunzi mmoja alichora katuni ya kumkejeli mwalimu. Mwalimu akaja juu, akataka mchoraji atajwe. Wilhelm alimjua, lakini akakataa kumchongea mwenzake. Mwaka wa 1863 akafukuzwa shule.

Wewe unayejua uzito wa cheti cha mwisho wa shule unaelewa masaibu yaliyofuata. Bila cheti hakuweza kujiunga na chuo kikuu cha Uholanzi kama wanafunzi wengine. Alihudhuria masomo Utrecht kama mgeni tu. Kisha akasikia kwamba kule Zürich, Uswisi, kuna chuo cha ufundi kilichokuwa tayari kumpokea mtu asiye na cheti kama chake. Akafunga safari mwaka wa 1865, akasomea uhandisi wa mitambo, na kufikia mwaka wa 1869 alikuwa na shahada ya uzamifu.

Huko Zürich alimpata pia Anna Bertha Ludwig, binti wa mwenye mkahawa. Walioana mwaka wa 1872. Hawakubahatika kupata mtoto, lakini mwaka wa 1887 walimchukua mpwa wa Bertha, msichana wa miaka sita, wakamlea kama wao.

Hata baada ya kupata shahada, kile cheti kiliendelea kumwandama. Chuo Kikuu cha Würzburg kilimkatalia kibali cha kufundisha kwa sababu hakuwa amemaliza sekondari kwa njia ya kawaida. Akaenda kutafuta riziki kwingine: Strasbourg, Hohenheim, Giessen. Na unajua nini? Mwaka wa 1888 Würzburg hao hao walimwita awe profesa, na mwaka wa 1894 wakamfanya mkuu wa chuo chao. Mlango uliofungwa jana leo ukafunguliwa kwa heshima.

Ijumaa jioni maabarani

Tuje sasa kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, Novemba 8, 1895. Röntgen alikuwa na miaka 50, umri ambao wengi hudhani mambo makubwa yameshawapita. Alikuwa maabarani akichunguza jambo ambalo wanasayansi wengi wa wakati huo walikuwa wakilichunguza: umeme unavyopita ndani ya chupa ya kioo iliyoondolewa karibu hewa yote.

Aliifunika chupa hiyo kwa karatasi ngumu nyeusi, isitoe hata chembe ya mwanga. Akazima taa, akawasha umeme. Mbali kidogo na hapo kulikuwa na kibao kilichopakwa kemikali inayong'aa ikipigwa na mwanga. Kikang'aa. Chupa imefunikwa, chumba kina giza totoro, na bado kibao kinang'aa! Akazima umeme, mng'ao ukatoweka. Akawasha tena, ukarudi.

Mwengine angekimbia kutangaza. Yeye alinyamaza. Kwa wiki kadhaa alijifungia maabarani, wakati mwingine akila na kulala humo humo. Alikuwa akijaribu kila kitu kilichomjia mkononi: karatasi, vitabu, mbao, mpira, bati. Miale ile ilipenya. Alipoweka mkono wake kati ya chupa na kibao, aliona kivuli cha mifupa yake mwenyewe, mtu akiwa bado hai.

Kitu kimoja kiliikataa miale hiyo: risasi. Hapa sizungumzii ya bunduki, bali yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu yaliyoipa risasi ya bunduki jina lake. Röntgen aligundua kwamba kipande cha risasi chenye unene wa milimita moja na nusu kinatosha kuizuia karibu miale yote. Kumbuka hilo, maana ndilo chimbuko la ile aproni unayoiulizia.

Desemba 22 alimwita mkewe maabarani. Akamwomba aweke mkono juu ya bamba la picha na atulie. Bertha alikaa hivyo kwa takriban dakika 15. Picha ilipotoka, vidole vilikuwa mifupa mitupu, na kwenye kimoja pete ya ndoa ilionekana kama doa jeusi linaloelea. Inasimuliwa kwamba mama wa watu alishtuka, akahisi kana kwamba amekiona kifo chake.

Dakika 15. Leo picha ya mkono huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Tutarudi kwenye tofauti hiyo.

Desemba 28 Röntgen aliwasilisha ripoti yake kwa chama cha wanasayansi cha Würzburg. Miale hiyo aliiita X, herufi ile ile unayoitumia kwenye hesabu za aljebra kwa kitu usichokijua. Ilibaki hivyo hadi leo, ingawa Wajerumani wengi huiita kwa jina lake.

Ndani ya sanduku

Hapa ndipo hadithi inapohusu mguu wako.

Ili afanye majaribio yake vizuri, Röntgen alijengewa kisanduku kikubwa cha mabati ya zinki, chenye nafasi ya mtu kusimama ndani. Upande mmoja uliongezwa bamba la risasi. Chupa inayotoa miale ilikaa nje. Yeye alikaa ndani, gizani, na miale ilimfikia kupitia kidirisha cha duara kilichozibwa kwa bati jembamba la alumini. Miale iliyotawanyika kwingineko chumbani iligonga ukuta wa risasi na zinki.

Usifikiri alikuwa akijilinda. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba miale hiyo inadhuru. Alilotaka ni majaribio safi: mwanga wa chumba usiingie, umeme wa mitambo usimvurugie vipimo, na hewa iliyo karibu na chupa isimfikie. Lakini risasi haiulizi nia ya aliyeiweka. Kwa kutaka usahihi wa kazi, mzee alijijengea kinga.

Tazama vizuri alivyofanya. Hakujifunga kipande cha risasi kifuani. Aliweka kizuizi kati ya chanzo cha miale na kila kitu kingine, akaacha tundu moja tu pale alipotaka miale ipite. Wazo hilo, kuibana miale inakotoka badala ya kuhangaika nayo ikishatapakaa, ndilo hadi leo linalokulinda kuliko aproni yoyote.

Dunia yapagawa

Habari zilisambaa kwa kasi ambayo ungedhani kulikuwa na mitandao ya kijamii. Mapema Januari 1896 gazeti la Vienna lilichapisha habari hizo, na kwa siku chache tu zikawa kila mahali. Januari 13 Röntgen alikuwa Berlin akimwonyesha Kaisari Wilhelm wa Pili maajabu hayo. Januari 23, mbele ya ukumbi uliojaa Würzburg, aliupiga picha mkono wa mtaalamu wa anatomia Albert von Kölliker, na watu wakamshangilia kweli kweli.

Wafanyabiashara walimwona kama mgodi wa dhahabu. Angeweza kusajili hataza na kuwatoza watu wote waliotaka kutumia miale yake. Alikataa. Kwake, ugunduzi wa chuoni ni mali ya wanadamu wote. Mwaka wa 1901 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Pesa za tuzo aliziachia Chuo Kikuu cha Würzburg. Alipopewa nafasi ya kuongeza neno la kikabaila kwenye jina lake, alikataa pia.

Kwa sababu hakukuwa na hataza, yeyote aliyekuwa na chupa na mtambo wa umeme aliweza kupiga eksirei. Hospitali zilifaidika mara moja: madaktari waliona mfupa uliovunjika na risasi iliyokwama mwilini bila kumpasua mtu. Lakini pia vifaa hivyo viliingia mikononi mwa wengi ambao hawakuwa na sanduku la zinki.

Waliolipa kwa miili yao

Mwaka huo huo wa 1896, kule Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, wataalamu waliombwa kutafuta risasi ya bunduki iliyokwama kichwani mwa mtoto. Kabla ya kumgusa mtoto, mmoja wao, William Dudley, alijitolea kichwa chake kijaribiwe kwanza. Mtambo uliwekwa karibu sana na kichwa na kuachwa kwa muda wa saa nzima hivi. Wiki tatu baadaye, nywele za sehemu ile ziling'oka zote.

Kisha kuna Clarence Dally, fundi aliyefanya kazi kwa mvumbuzi mashuhuri Thomas Edison. Kazi yake ilikuwa kuzijaribu chupa za eksirei, na njia rahisi ya kujaribu ilikuwa kuweka mkono wake mbele ya miale. Siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi. Mkono mmoja ulipoanza kuungua na kuuma, akatumia wa pili. Vidonda vikageuka saratani. Alikatwa mkono mmoja, kisha wa pili. Alifariki mwaka wa 1904 akiwa na miaka 39 tu. Edison aliogopa, akaachana na utafiti wa eksirei kabisa.

Hao si wawili pekee. Mwaka wa 1936 mnara wa ukumbusho uliwekwa Hamburg, Ujerumani, kwa heshima ya madaktari, mafundi na wauguzi waliouawa na miale hiyo. Siku unazinduliwa ulikuwa na majina 169. Baadaye yaliongezwa mengine mengi.

Ona wengi wao walikuwa akina nani: si wagonjwa waliopigwa picha moja ya mguu, bali wahudumu waliosimama karibu na chupa isiyo na kizuizi kila siku ya kazi, miaka nenda miaka rudi.

Daktari wa meno aliyepuuzwa

Alikuwepo mtu aliyeona mapema. Jina lake William Rollins, daktari wa meno wa Boston, Marekani. Mwaka wa 1901 aliwaweka simbilisi ndani ya sanduku la chuma ambalo umeme haungeweza kuwadhuru, kisha akawapiga miale ya eksirei. Wakafa. Kwa hivyo waliokuwa wakidai kwamba kinachounguza watu ni umeme wa mtambo tu, wakawa hawana hoja. Miale yenyewe inaua.

Rollins alitoa mapendekezo matatu. Anayeendesha mtambo avae miwani inayozuia miale. Chupa ifungiwe ndani ya sanduku la risasi lenye tundu moja tu. Na kwa mgonjwa, miale ielekezwe sehemu inayochunguzwa pekee, sehemu za jirani zikifunikwa. Wengi hawakumsikiliza. Ilichukua miaka na makaburi mengi. Kamati ya kimataifa ya kuwalinda watu dhidi ya miale ya eksirei na radiamu iliundwa mwaka wa 1928, Stockholm, Uswidi.

Je, unaliona sanduku la Röntgen likirudi? Tofauti ni kwamba Röntgen aliingia sandukuni mwenyewe na kuiacha chupa nje. Rollins alisema tuigeuze: chupa iingie sandukuni, watu wabaki nje. Mashine za leo zote zimejengwa hivyo.

Miaka ya mwisho ya mzee

Röntgen mwenyewe hakuendelea sana na miale hiyo. Aliandika ripoti tatu tu kuihusu, ya mwisho mwaka wa 1897, kisha akarudia utafiti wake mwingine. Mwaka wa 1900 alihamia Munich.

Uzee haukumtendea wema. Bertha, aliyeugua kwa muda mrefu, alifariki mwaka wa 1919. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia pesa za Ujerumani zilipoteza thamani, na akiba ya maisha yake ikayeyuka. Mtu ambaye angekuwa tajiri kupindukia kwa hataza moja tu alimalizia siku zake kwa kubana matumizi.

Alifariki Munich, Februari 10, 1923, akiwa na miaka 77, kwa saratani ya utumbo. Najua unachowaza: si ni ile miale? Wanaochunguza maisha yake hawaamini hivyo. Alifanya kazi na miale kwa muda mfupi, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa nyuma ya zinki na risasi. Dally hakuwa na bahati hiyo.

Kwa wosia wake, barua na karatasi zake nyingi zilichomwa. Alizikwa Giessen, karibu na mkewe na wazazi wake.

Turudi kwa mguu wako

Sasa jibu. Mbona mhudumu amejificha na wewe ameacha kukufunika?

Kwanza, kwa nini yeye anajificha. Mfikirie mchoma mahindi kando ya barabara na wewe mteja. Wewe unasimama dakika mbili kwenye moshi, unanunua hindi lako, unaenda. Yeye yuko kwenye moshi huo kutwa, kila siku. Mhudumu wa eksirei hupiga picha nyingi kwa siku moja. Asipokaa nyuma ya ukuta, chembe ndogo ndogo zitajumlishana mwaka baada ya mwaka. Kukaa mbali nako kunasaidia sana: ukiongeza umbali wako na chanzo mara mbili, nguvu ya miale inayokufikia hushuka hadi robo.

Pili, kwa nini wewe hujafunikwa. Kwa miongo mingi kumfunika mgonjwa sehemu za uzazi kulikuwa desturi, na kulikuwa na sababu: mashine zilitoa miale mingi, na watu walihofia watoto ambao wangezaliwa baadaye. Lakini mambo mawili yamebadilika.

La kwanza ni mashine. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walichukua mtambo halisi wa mwaka wa 1896 na kuulinganisha na wa kisasa. Kwa picha ya mkono, ule wa zamani uliipa ngozi miale takriban mara 1,500 zaidi, na ulihitaji dakika 90, mahali ambapo wa leo unahitaji sehemu ndogo tu ya sekunde. La pili ni ujuzi. Watoto wa walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na madhara ya kurithiwa yaliyohofiwa hayajaonekana kwao.

Tena aproni ina kasoro zake. Miale inayofikia viungo vilivyo mbali na sehemu inayopigwa picha hutawanyika ndani ya mwili wako wenyewe, na aproni iliyo juu ya ngozi haiwezi kuizuia. Aproni ikiteleza, inaweza kufunika sehemu ambayo daktari anataka kuiona, na picha ikabidi irudiwe. Hapo umepigwa mara mbili badala ya moja. Halafu mashine nyingi za kisasa hujipima zenyewe: zikikutana na risasi mbele yake, huona picha ni hafifu na kuongeza miale. Kinga inageuka kuwa mzigo.

Ndiyo maana mwaka wa 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilipendekeza desturi ya kuwafunika wagonjwa hivyo iachwe, na mwaka wa 2024 chama cha madaktari wa meno cha nchi hiyo kikasema aproni na kola ya shingo hazihitajiki tena kwenye eksirei ya meno. Si kila hospitali imebadilisha utaratibu, na nchi hutofautiana. Ukipewa aproni, vaa. Usipopewa, usidhani umedharauliwa.

Upate picha ya ukubwa wake: sisi sote hupata mionzi kidogo kila siku kutoka ardhini, angani na hata kwenye chakula. Eksirei ya mkono au mguu ni sawa na ile unayoipata kwa saa chache tu za maisha ya kawaida. Ya kifua ni kama siku kumi. Lakini skani ya CT ya tumbo ni kama miaka miwili na nusu hivi. Kwa hivyo picha zote si sawa, na swali la maana si kama umefunikwa, bali kama picha yenyewe inahitajika.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kupigwa picha, una haki ya kumuuliza daktari: picha hii itabadilisha vipi matibabu yangu? Je, kuna njia nyingine isiyotumia mionzi, kama ultrasaundi au MRI, itakayotoa jibu lile lile? Kama ulipigwa picha karibuni kwingineko, ibebe. Huenda ikakuepusha na nyingine.

Ikiwa wewe ni msichana na una mimba, au hata una shaka tu, sema mapema. Usione haya. Haimaanishi lazima utanyimwa huduma, lakini daktari atapanga kwa njia nyingine inapowezekana. Ukimsindikiza mtoto na ukaombwa umshike, hapo wewe omba aproni, kwa sababu picha si yako.

Ukiambiwa usitikisike, kaa kama mti. Picha iliyoharibika hurudiwa. Hapa Kenya, mashine za eksirei husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, na kituo kinapaswa kuwa na leseni. Kuuliza leseni si utovu wa adabu.

Ila usikimbilie upande wa pili na kukataa picha unayoihitaji. Mfupa uliovunjika ukaunga vibaya kwa sababu ya woga utakutesa maisha yote, na hatari ya eksirei moja ya mguu ni ndogo mno.

Siku nyingine ukilala kwenye ile meza, tazama juu kabla mhudumu hajatoka. Utaona kisanduku kinachoning'inia, na kutoka kwake mraba wa mwanga umetua juu ya mguu wako tu. Ndani ya kisanduku hicho kuna chupa, na kuizunguka kuna risasi. Mraba ule unaonyesha mahali miale itakapopita. Ukiuona umeenea hadi kwenye paja ilhali kinachouma ni kifundo, muulize mhudumu aupunguze. Hilo ndilo la kuulizia, kuliko aproni.